Shughuli Nyingi, Kazi Hakuna!

Ninaandika haya nikiwa nimekasirika kidogo, kwa hivyo mnivumilie. Kuna ugonjwa umeingia katika ofisi za kompyuta hapa Nairobi, na kila nikikutana na wenzangu wa fani hii naona dalili zilezile. Ukimwuliza mtu habari za kazi anakujibu, "Niko bize, ndugu yangu, bize sana!" Hasemi anatengeneza nini. Hasemi kitamfaa nani. Anasema yuko bize, na anasema kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha cheti cha shule.

Mimi nasema kuwa bize si kazi. Mwanaprogramu halipwi kwa kuwa vidole vyake vinagonga kibodi. Analipwa kwa sababu mahali fulani kuna mtu mwenye shida, na shida hiyo inatakiwa iondoke. Katika juma lolote, ukiniuliza mimi, huwa kuna jambo moja au mawili ambayo yakifanywa mtu fulani atapumua. Yale mengine kumi na matano yaliyoandikwa ubaoni yanaweza kufa kifo cha kawaida na hakuna atakayehudhuria matanga. Sasa kwa nini tunaanza na hayo kumi na matano?

Tunaanza nayo kwa sababu ndiyo yanayohesabiwa.

Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja (jina nitalihifadhi, nina marafiki ambao bado wako pale). Mlangoni kulikuwa na mashine ya alama ya kidole, ya kurekodi uliingia saa ngapi na ulitoka saa ngapi. Ndani kulikuwa na ubao wa tiketi. Kila ombi ni tiketi, kila hitilafu ni tiketi, na Ijumaa bosi anasoma nani amefunga tiketi ngapi. Aliyefunga nyingi anapigiwa makofi. Jamani, mnafikiri ilichukua muda gani kabla ya watu kuujua mchezo? Rangi ya kitufe kwenye ukurasa wa kuingilia: tiketi. Rangi ya kitufe hichohicho kwenye ukurasa wa pili: tiketi nyingine. Kuna jamaa alikuwa stadi wa kuikata kazi ya saa mbili ikazaa tiketi sita. Na hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mwerevu. Alilielewa swali la mtihani akalijibu.

Wakati huohuo kulikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi iliyokuwa ikikwama kila mwezi, bila kukosa. Wateja walipiga simu, akina dada wa huduma kwa wateja wakatukanwa, na wateja wawili wakubwa walikuwa wameshaanza kuulizia bei kwingine. Tiketi ya ripoti hiyo ilikuwa ubaoni siku zote, imezeeka, kila mtu anaijua kama anavyojua shimo la barabarani kwao. Kuirekebisha kulihitaji wiki mbili za kuchimba hifadhidata, na baada ya hizo wiki mbili Ijumaa ungesomewa: tiketi moja. Nilipoomba niachiwe niishughulikie, niliambiwa kwanza nimalize zangu tisa ndogo zilizobaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kampuni inaweza kulipa watu wanane mishahara mizuri ili wasifanye kazi inayohitajika.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1982, kule Apple, wasimamizi wa kikundi kilichokuwa kikitengeneza kompyuta ya Lisa waliamua kwamba kila mwanaprogramu ajaze fomu kila wiki kueleza ameandika mistari mingapi ya msimbo. Bill Atkinson, aliyefariki mwaka 2025, ndiye aliyekuwa akiandika QuickDraw, ile sehemu iliyochora kila kitu kwenye skrini. Alikuwa ametoka kuandika upya kipande chake kimoja. Kipande kikawa chepesi, na kasi yake ikaongezeka karibu mara sita. Katika kufanya hivyo mistari 2,000 hivi ilitoweka. Alipofika kwenye kisanduku cha idadi ya mistari, akaandika hasi 2,000. Aliyesimulia kisa hiki ni mwenzake, Andy Hertzfeld, naye anasema baada ya wiki chache Atkinson hakuombwa tena kujaza fomu. Sisi huku tunaletewa fomu ileile hadi leo, imebadilishwa jina tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi wa kompyuta ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili, maana mashine zetu zenyewe zilitufundisha zamani. Mwaka 1971 Donald Knuth alichapisha uchunguzi wa programu zilizoandikwa kwa lugha ya FORTRAN, akakuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya muda wa kuiendesha. Kabla yake, mwaka 1967, Gene Amdahl alikuwa ameshatoa hoja ambayo kila aliyesomea sayansi ya kompyuta amekutana nayo darasani, akaijibu kwenye mtihani, kisha akaisahau getini: faida ya kuharakisha sehemu moja haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo.

Chukua ukurasa unaotumia sekunde 10 kufunguka. Sekunde 9 zinaishia kwenye hifadhidata, sekunde 1 inaishia kwenye kuchora skrini. Ukikesha wiki nzima ukafanya uchoraji uwe na kasi maradufu, umemwokolea mtumiaji nusu sekunde. Ukiipa hifadhidata kasi maradufu, umemwokolea sekunde 4 na nusu. Jasho ni lilelile! Kwa wale wasiopenda hesabu: mtu anatoka Ruiru kwenda mjini. Anatembea dakika tano hadi stejini, halafu anakaa saa moja na nusu kwenye foleni ya Thika Road. Kumnunulia viatu vya mbio hakutamfikisha mapema. Ofisi zetu nyingi, ndugu zangu, ni duka la viatu vya mbio.

Oktoba 2002, Steve Ballmer akiwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja akieleza walichojifunza kutoka kwa ripoti za hitilafu ambazo kompyuta za watu zilikuwa zikituma makao makuu. Kama asilimia 20 ya hitilafu zilisababisha asilimia 80 ya matatizo, na asilimia 1 pekee ya hitilafu ilisababisha nusu yake. Asilimia moja! Simpigii Microsoft debe hapa, Windows imeninyima usingizi kiasi cha kutosha. Lakini mtu mwenye takwimu hizo mkononi hawezi tena kusema kwamba hitilafu zote ni tiketi na tiketi zote ni sawa.

Basi niwape mfano wa nyumbani. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, Sacco ya watu wa kawaida, walimu, wauzaji wa sokoni na madereva wa matatu, kiliniita kama kibarua. Walitaka dashibodi mpya. Meneja alikuwa ameona ya Sacco jirani, yenye duara za rangi zinazozunguka, na bodi ilikuwa imeshapitisha pesa. Mimi nikamwomba kitu kimoja kabla ya kuanza: niketi na makarani wake siku mbili, nitazame tu.

Ilipofika saa kumi jioni nikaona maajabu. Makarani watatu walipakua orodha ya malipo ya M-Pesa ya siku hiyo, wakaifungua kwenye Excel, wakaichapisha kwenye karatasi, kisha kila mmoja akachukua rula na kalamu nyekundu. Wanatafuta wenye pesa. Mnajua tena mambo ya Paybill: mwanachama akilipa anatakiwa aandike nambari yake ya uanachama mahali pa akaunti, lakini hakuna anayemzuia kuandika analotaka. Mmoja anaandika jina lake. Mwingine nambari ya kitambulisho. Mwingine anaandika herufi O mahali pa sifuri. Mwingine anaandika "mkopo wa Januari". Mwingine anamlipia mkewe halafu anaweka nambari yake mwenyewe. Pesa imeingia, lakini haina mwenyewe. Inakaa pembeni kama mgeni asiyejulikana na mtu, hadi karani aigundue ni ya nani kwa kukumbuka, kwa kupiga simu, au kwa bahati.

Sasa fuata hiyo pesa. Mama wa sokoni alilipa tarehe 28. Tarehe 5 anakuja kuomba mkopo wa kununua bidhaa, anaambiwa hajalipa mwezi uliopita na faini imeshawekwa. Anatoa simu, anaonyesha ujumbe wa M-Pesa. Karani anaona aibu, kwa sababu anajua mama anasema kweli, lakini mashine inasema uongo na mashine ndiyo inayosikilizwa. Nilishuhudia ugomvi wa aina hiyo mara mbili katika siku mbili. Hao ni watu waliolipa deni wakatozwa faini ya kutolipa! Na bodi imepitisha pesa za duara zinazozunguka.

Nilimwendea meneja nikamwambia, "Mzee, naomba dashibodi ingoje kidogo." Hakupenda. Akaniambia, "Kijana, sisi tulikuita utengeneze kurasa." Nikamwomba juma moja tu, na nisipomwonyesha kitu tutarudi kwenye kurasa. Programu niliyoiandika ilikuwa ndogo na mbaya wa sura: jedwali moja na vitufe viwili. Inaondoa nafasi zisizohitajika, inageuza O kuwa sifuri, inalinganisha kilichoandikwa na nambari za uanachama, kisha na nambari za vitambulisho zilizo kwenye rejista. Na inakumbuka. Karani akishaamua mara moja kwamba malipo ya mtu fulani yenye maneno fulani ni ya mwanachama fulani, mwezi ujao inampendekezea jibu, naye anakubali au anakataa. Isichokijua inamwachia binadamu. Haibahatishi na pesa ya mtu, na hilo sikulilegeza hata meneja aliponiomba iwe inajaza yenyewe ili kuharakisha. Tuliiendesha sambamba na kalamu nyekundu kwa majuma kadhaa hadi makarani wenyewe wakaiamini.

Mistari haikufika 500. Kitu cha kujivunia mbele ya wanaprogramu wenzangu hakimo. Lakini makarani walianza kwenda nyumbani saa kumi na moja kama watu wengine, na zile faini za uongo zikapungua hadi zikawa kisa cha nadra. Dashibodi niliitengeneza baadaye, maana kazi ya mtu ni kazi ya mtu. Duara zinazunguka vizuri kabisa. Sijawahi kuona mtu akiziangalia.

Tangu hapo nikiingia ofisi yoyote huwa natafuta daftari. Mahali popote ambapo mfanyakazi ana kompyuta mbele yake na bado ana daftari pembeni, au Excel yake ya siri ambayo hajamwonyesha mtu wa kompyuta, pale ndipo mfumo umemshinda. Pale ndipo kazi ilipo. Hutaiona kwenye ubao wa tiketi, kwa sababu mwenye daftari ameshazoea kuteseka na hajui kwamba angeweza kulalamika.

Utaniambia hayo ni mambo ya Sacco ndogo. Haya, tutazame kubwa. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza jaribio la kulipana kwa simu hapa Nairobi na Thika, wateja mia chache tu, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Waliolisukuma jambo hilo upande wa Vodafone walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Kusudi halikuwa kutumiana pesa kama tunavyojua leo. Kusudi lilikuwa mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo kwa simu na aulipe kwa simu. Ikabidi mfumo ushughulikie vikundi vya wakopaji na marejesho yao, na kuunganisha hayo yote na vitabu vya shirika ikawa kazi yenye usumbufu mwingi.

Lakini wateja wenyewe walikuwa wameanza mambo yao. Walikuwa wakitumiana pesa. Mtu anamtumia mwenzake, mtu anatuma mashambani, mwingine anaweka pesa kwenye simu kabla ya kusafiri asije akaibiwa njiani. Nani aliwaambia? Hakuna! Sasa hapo ndipo ningependa kila mwanaprogramu asimame kidogo. Wale watu walikuwa na mfumo uliojaa kazi. Wangeweza kukaa miaka mingine miwili wakinyoosha sehemu ya mikopo, wakifunga tiketi, wakipigiana makofi Ijumaa. Badala yake walipunguza. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa ya kuweka pesa kwa wakala, kutoa, kutuma, na kununua muda wa maongezi. Ujumbe wa matangazo ulikuwa mmoja, tuma pesa nyumbani. Ilikaa kwenye menyu ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, bila picha wala rangi. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja. Ile mikopo iliyokuwa sababu ya jaribio lote ilirudi baadaye sana, Novemba 2012, kwa jina la M-Shwari.

Msinielewe vibaya. Mawakala walichangia, matangazo yalichangia, na Benki Kuu kutoizima mapema kulichangia pia. Hakuna mfumo unaofaulu kwa msimbo peke yake. Ninachosema ni kwamba kama wangekuwa wanapimwa kwa idadi ya mambo waliyoongeza, siku ile ya kuondoa mikopo wangeonekana wamefeli.

Sasa nije kwa wenzangu, maana mabwana wakubwa nimewachapa vya kutosha na wengine wetu tunacheka tukifikiri hayatuhusu. Nani aliyeamua kwamba mfumo wenye watumiaji arobaini, unaofanya kazi vizuri kwenye seva moja ndogo, ukatwekatwe kuwa vihuduma ishirini vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe, kana kwamba sisi ni Netflix? Si bosi. Bosi hata hajui kitu hicho ni nini. Ni sisi, kwa sababu tulisoma mahali kwamba wakubwa wanafanya hivyo na tunataka kukiweka kwenye wasifu wetu wa kazi. Nani anaandika upya kurasa zote kila maktaba mpya ya JavaScript inapozaliwa? Sisi. Tunapenda kazi ambayo tunajua jinsi ya kuifanya na ambayo hakuna mtu atakayetuuliza imemsaidia nani. Kukaa na karani wa Sacco kunachosha. Huenda akakuambia kwamba ukurasa uliousifia ndio unaomchelewesha.

Na tukishachoka tunatafuta dawa kwenye mbinu za kupanga muda. Francesco Cirillo alitupa ile ya nyanya, ya kufanya kazi dakika 25 halafu kupumzika kidogo. David Allen aliandika kitabu chake mwaka 2001 na watu wengi duniani wakaanza kupanga mambo yao kwa mafungu. Sina ugomvi nao. Saa ya nyanya nimeitumia, na inanisaidia nisifungue simu. Lakini saa ya nyanya haikuulizi kama hiyo kazi inastahili kuwepo. Unaweza kumaliza nyanya kumi na mbili kwa siku ukipaka rangi nyumba itakayobomolewa. Watu wananunua programu za kupanga orodha, wanazipaka rangi orodha, wanahamisha orodha kutoka programu moja hadi nyingine, na orodha yenyewe ilikuwa takataka tangu mwanzo.

"Ndugu, wewe unaongea hivyo," najua mtasema, "lakini mimi nina bosi, na mwisho wa mwezi kuna kodi ya nyumba." Kweli. Sikushauri uingie ofisini Jumatatu ukamwambia bosi kazi zake ni takataka. Mimi huwa sikatai kazi. Huwa naziweka mbili mezani. "Madam, juma hili naweza kutengeneza ile ripoti inayokwama, ambayo wateja wawili wametishia kuondoka kwa sababu yake, au naweza kubadilisha kurasa za matangazo. Yote mawili hayatoshei. Unaonaje?" Basi. Unazungumza kwa shilingi na kwa simu za wateja, maana hifadhidata haimhusu. Utashangaa ni mabosi wangapi ambao hawajawahi kuulizwa swali hilo hata siku moja. Wamezoea kuambiwa "sawa" kwa kila kitu, halafu kila kitu kinachelewa, halafu wananunua mashine ya vidole.

Wapo watakaochagua kurasa za matangazo. Zitengeneze, na uanze polepole kuulizia kazi kwingine.

Swali ninalojiuliza mwenyewe kabla ya kugusa kazi yoyote ni fupi: ikiisha, nani ataacha kuteseka? Nataka mtu, ikiwezekana mwenye jina na meza yake. "Watumiaji" si jibu, "kampuni" si jibu. Nikikosa mtu, kazi hiyo inarudi chini ya orodha, na nikiikuta bado iko chini baada ya miezi mitatu bila mtu kuiulizia, naifuta bila matanga.

Kuna kundi litakalonisoma vibaya, kwa hivyo niliseme mapema. Kazi yenye uzito si lazima iwe ya kuonekana. Mara nyingi ni ile inayochosha zaidi. Mnakumbuka Heartbleed? Aprili 2014 ulimwengu uligundua kwamba OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti chungu nzima, ilikuwa na tundu tangu 2012, na kupitia tundu hilo mtu angeweza kuchota kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwemo. Sababu? Programu haikukagua kama urefu wa data uliotajwa ni sawa na data iliyoletwa kweli. Kulirekebisha kulihitaji mistari michache tu ya kukagua. Na mradi huo, ambao kampuni tajiri kuliko zote duniani ziliutegemea bure, wakati ule ulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote. Maelfu ya wanaprogramu walikuwa wakinyoosha vitufe juu ya sakafu ambayo karibu hakuna aliyelipwa kuitazama. Kwa hivyo ukiniambia juma lako lote liliishia kuhakikisha kwamba nakala rudufu za hifadhidata zinarudishika kweli, nitakupigia makofi mimi mwenyewe. Ukiwa hujawahi kujaribu kuirudisha, huna nakala rudufu, una matumaini.

Halafu yamekuja haya mambo ya akili bandia, na sasa mashine inaandika msimbo kwa sekunde. Naitumia kila siku, siioni kama adui. Ila angalieni imefanya nini kwa wale wanaohesabu. Mtu mmoja sasa anaweza kufunga tiketi thelathini kwa siku na kuzalisha mistari elfu kumi kabla ya chakula cha mchana. Kama kipimo chako kilikuwa tiketi na mistari, hongera, uzalishaji umepaa! Ripoti ya mwisho wa mwezi bado inakwama, na sasa imezungukwa na mistari elfu kumi ambayo hakuna aliyeisoma. Mashine itajibu vizuri sana ukiiuliza jinsi ya kuchora duara zinazozunguka. Haitakuambia kwamba kwenye kaunta kuna mama anabishana kuhusu faini, kwa sababu hakuna aliyeiambia, na hakuna aliyeiambia kwa sababu hakuna aliyekwenda kukaa pale.

Kuna vijana waliomaliza chuo baada yangu wanaoniandikia wakisema wamechoka, wanafanya kazi hadi saa sita usiku, wanalala na kompyuta kitandani, na hawaoni wamejenga nini. Nikiwauliza walifanya nini mwezi uliopita wananitumia orodha ndefu. Nikiwauliza ni lipi kati ya hayo mtu alipiga simu kushukuru, wananyamaza. Hawa si wavivu, na wala hawakukosea kuchagua fani. Wamewekwa kwenye kinu kinachosaga hewa, na wanalaumiwa unga hautoki.

Kama wewe ni bosi na umesoma hadi hapa, naomba jambo moja dogo Ijumaa hii. Iache ile orodha ya tiketi. Mwambie kila kijana wako akutajie mtu mmoja, ndani au nje ya ofisi, ambaye kazi yake juma hilo imekuwa nyepesi kwa sababu yake, halafu umpigie simu mtu huyo uhakikishe. Simu tatu zitatosha kukuonyesha hali ya idara yako.

Juma lijalo, nikipata nafasi, nitaeleza kwa undani jinsi ya kulinganisha malipo ya Paybill na rejista ya wanachama, maana wengi mmekuwa mkiniuliza, hasa lile suala la watu wawili wenye majina yanayofanana.